Mtu Niliyemwandika Marehemu

Wewe unayeanza kazi katika chumba cha mashine za figo, nisikilize kidogo kabla hawajakuita. Nimestaafu juzi tu, na mikono yangu bado inatafuta glavu kila asubuhi. Kuna mambo ambayo hayamo katika kile kitabu cha taratibu kilichofungwa kwa kamba pale mezani. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopata havikunifundisha kuingiza sindano vizuri zaidi. Nitakueleza kazi yenyewe, na kosa langu moja ambalo nusura limnyime msichana mmoja figo.

Nilianzia Mtito Andei, katika zahanati iliyokuwa hatua chache kutoka barabara ya Mombasa. Siku ya kwanza aliingia dereva wa lori ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hadi akavikata viatu kwa kisu ili viingie. Nikamwambia amekaa kwenye usukani muda mrefu, apumzike na ainue miguu. Akanishukuru sana, akaondoka. Siku hizo sikujua kumpa mtu kikopo alete mkojo tuupime. Leo ningempa kikopo kabla hata ya salamu. Sijui alifika wapi, na kila nikipita Mtito naangalia malori kama mjinga, kana kwamba bado yuko barabarani.

Jambo lingine nililojifunza pale ni kwamba mwanamume akivaa koti jeupe huku kwetu anaitwa daktari, hata kama amekuja kuchukua mashuka. Mimi ni muuguzi. Nilisahihisha watu kwa miaka, kisha nikachoka. Ukiniona naitwa daktari humu, jua hilo.

Kutoka Mtito nilihamia Makueni, wodi ya wanaume, na kutoka hapo nikaletwa Kitui mashine za kusafisha damu zilipofika. Kabla ya hapo mgonjwa wa figo alikuwa akisafirishwa mpaka Nairobi mara mbili kwa wiki, anarudi amechoka kuliko alivyokwenda. Aliyenifundisha mashine ni Sista Kalekye, mama mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuwa amesomea kazi hiyo Nairobi. Siku ya kwanza alinishika kidole akakiweka juu ya mkono wa mgonjwa, pale ambapo daktari wa upasuaji huunganisha mishipa miwili ili mmoja upanuke, ustahimili sindano.

"Unasikia nini, Mutisya?"

"Unatetemeka. Kama paka anayekoroma."

"Huyo paka ndiye uhai wake. Siku akinyamaza, wewe ndiye utapiga kelele."

Kwa hiyo mkono ule haupimwi presha, hauvalishwi saa, haubebi mtungi wa maji, na mgonjwa haulalii. Nimeyasema hayo mara nyingi sana. Na bado, wiki moja baadaye, unampata mgonjwa kwenye foleni ya dawa akiwa amefungwa kile kitambaa cha presha kwenye mkono huo huo, anatabasamu, maana hakutaka kumsumbua yule mwanafunzi aliyempima.

Sista Kalekye alitufundisha pia kwamba mizani huja kabla ya habari za nyumbani. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hakojoi, au anakojoa matone. Kila anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe. Ukiona amezidi kilo nne tangu Jumatatu, hizo ni lita nne za maji zinazotafuta njia ya kuingia mapafuni. Sasa fikiria kumweleza mtu wa Kitui, ambaye punda wake hutembea nusu siku kutafuta maji, kwamba asinywe maji yakipatikana. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa ngamia, alikuwa akija kutoka Mwingi.

"Mzee, hizi kilo nne zimetoka wapi?"

"Wallahi sijagusa maji."

"Umekunywa nini?"

"Chai."

"Vikombe vingapi?"

"Daktari, chai si maji. Ingekuwa maji ningekwambia."

Na chakula ni vita vingine. Maharagwe, ndengu, mbaazi, yote yale tunayoyaita chakula huku, yana potasiamu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo bila kubisha hodi. Mboga lazima zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena. Nilimweleza hivyo mama mmoja aliyemletea mumewe bakuli la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Hiyo potasiamu hatukuweka, daktari. Tuliweka chumvi kidogo tu." Nilikaa chini nikaanza upya. Utakaa chini ukaanza upya mara elfu. Usipige kelele. Mtu anayeuliza swali lile lile mara ya tano, angalau bado yuko hai wa kuuliza.

Sasa nikufikishe kwa Mwende. Alikuja wakati Sista Kalekye amekwisha kustaafu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa chumba. Alikuwa fundi wa nguo pale sokoni Zombe, umri wa miaka ishirini na sita. Presha ilikuwa imezila figo zake kimyakimya, na alipoanza kutapika kila asubuhi, wanawake wa soko walimpongeza wakidhani ni mimba. Aliletwa kwetu hawezi kusimama. Akaanza mashine, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, na akiwa kitandani alikuwa akirekebisha mapazia yetu kwa mkono mmoja uliobaki huru, huku akitusema kwamba aliyeyashona alikuwa amefumba macho.

Mdogo wake, Musembi, ni fundi wa mawe. Ndiye aliyekuwa akimleta. Mama yao, Nduku, alikuwa amefariki miaka michache kabla. Nyumbani walibaki wao wawili na nyanya yao, Syokau, ambaye wote walimwita susu, kama tunavyowaita nyanya zetu Ukambani. Daktari wa figo alipokuja kliniki yake ya mwezi, alimwambia Mwende kwamba kwa umri wake anaweza kupandikizwa figo, kama ndugu atajitolea. Musembi hakungoja amalize.

"Pimeni yangu."

"Wewe ukikatwa utabebaje mawe?" Mwende akamwuliza.

"Nitabeba madogo. Lakini nikikupa, usinitume tena kununua nyuzi."

"Nitakutuma. Utakuwa umenipa figo, hujaninunua."

Damu yao ililingana. Vipimo vya kwanza vikawa vizuri. Ikabaki fomu ya kupeleka Nairobi, kwa kamati inayoruhusu mtu hai kutoa kiungo chake. Nikaijaza mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu nilijiona najua.

Niliijazia pale pale kitandani, mashine ikizunguka. Kulikuwa na wagonjwa wengine watano, na kila mgonjwa na mtu wake. Nikauliza jina la baba.

"Kilonzo," Mwende akasema.

"Yuko hai?"

Akavuta shuka hadi kidevuni. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa amepunguza redio yake ili asikie vizuri.

"Sijawahi kumwona, daktari."

Kama wewe si Mkamba, ngoja nikueleze. Huku kwetu mwanamke akiolewa akakosa mtoto, anaweza kutoa mahari yake mwenyewe akaoa mwanamke mwingine. Huyo anayeolewa tunamwita iweto. Wakati mwingine anamwoa kwa jina la mwana ambaye yeye angemzaa. Anampa mwana huyo jina, na watoto watakaozaliwa na iweto wanaitwa kwa jina hilo. Wana nyanya, wana ukoo, wana shamba, hawakosi chochote. Baba yao ni jina. Mwanamume aliyewazaa haulizwi, na mwenye adabu hamtaji.

Nilishuku papo hapo kwamba nyumba ya Mwende ni ya namna hiyo. Nami kwa adabu yangu, na redio ile imepunguzwa, nikaandika: Baba, Kilonzo, marehemu. Nilidhani ninamsitiri. Mwende alisoma nilichoandika, akanirudishia karatasi. Baadaye aliniambia alidhani hivyo ndivyo hospitali inavyotaka. Mgonjwa wa mashine hubishana nawe kuhusu chai, si kuhusu karatasi.

Barua ikarudi baada ya wiki kadhaa. Kamati ilitaka cheti cha kifo cha Kilonzo. Tena, ilikuwa imeona vyeti viwili vya kuzaliwa visivyopatana. Cha Musembi, aliyezaliwa hospitalini, kilisema mama ni Nduku. Cha Mwende, aliyezaliwa nyumbani, kilisema mama ni Syokau, kwa sababu susu ndiye aliyekwenda kumwandikisha kwa naibu wa chifu, naye aliandika jina la aliyesimama mbele yake. Kwa karatasi, basi, hawa hawakuwa ndugu. Walikuwa mwanamke mgonjwa na kijana maskini mwenye figo mbili.

Nilikasirika. Nilipiga simu Nairobi nikazungushwa kutoka meza hadi meza, kila meza ikinieleza jambo nililokuwa nimelieleza meza iliyotangulia. Lakini nikwambie ukweli, hasira yangu haikuwa na haki. Sheria ile ipo kwa sababu wapo vijana wanaonunuliwa figo na kufundishwa waseme ni ndugu. Afisa anayesoma faili lenye uongo mmoja atauliza kuna mambo mangapi mengine ya uongo. Na ule uongo mmoja niliuandika mimi.

Musembi alikwenda kwa chifu. Chifu alimpokea vizuri, akampa kiti, akamjibu, "Naweza kuandika barua kwamba mtu amekufa. Lakini huyu sijawahi kumwona hai, hata kaburi lake silijui. Nimzike kwa kalamu?"

Miezi ikaenda. Alhamisi moja niliweka vidole juu ya mkono wa Mwende, na paka wa Sista Kalekye alikuwa amenyamaza. Nikaweka kifaa cha kusikilizia. Kimya. Mshipa ulikuwa umeziba kwa damu iliyoganda. Ikabidi awekewe mpira shingoni, unaoingia karibu na moyo, na mpira huo ni mlango wa kila kijidudu. Wiki ya pili akapata homa na kutetemeka akiwa kwenye mashine, tukamtibu wiki tatu. Akapungua kilo sita, kilo za nyama, si za maji. Aliacha kuyasema mapazia. Hapo nilielewa kwamba fomu yangu inaweza kumuua kabla ya presha.

Musembi akanijia kwenye ukumbi, amekunja gazeti kwapani.

"Daktari, nimepata mtu hapa mjini. Anatengeneza cheti cha kifo kwa siku mbili. Kina muhuri na kila kitu."

"Kirarue."

"Sijakileta. Nimekuja kuuliza tarehe ya kuandika."

Nilimkalisha kwenye benchi nikamweleza polepole, ingawa nilitaka kumkung'uta. Nikamwambia karatasi hiyo ikigunduliwa, faili la dada yake linafungwa kabisa na yeye anakwenda jela na figo zake zote mbili. Kisha nikamwambia lililokuwa gumu zaidi: aliyeanza kumtengenezea Kilonzo kifo ni mimi, na ni lazima sasa tumtoe huko. Mtu pekee aliyeweza kufanya hivyo alikuwa susu.

Nikaenda Zombe siku yangu ya mapumziko. Susu Syokau alikuwa kwenye kizingiti akipeta mtama, mwembamba, ana macho yanayokupima. Alinipa uji nikaumaliza, maana huwezi kumwomba mtu jambo zito na kikombe chake kimejaa. Nikamweleza figo ni nini, na mashine ni nini, na kwamba mpira wa shingoni hauna siku nyingi. Nikamweleza kwamba kuna afisa wa kamati anayehitaji kusikia kutoka kinywani mwake nani alimzaa nani.

"Unataka niende Nairobi niseme Kilonzo hayuko."

"Nataka useme ilivyokuwa, mwaitu," nikasema, yaani mama yangu.

"Nilitoa ng'ombe saba na mbuzi kwa ajili yake. Nilipoolewa hapa waliniita mti mkavu. Nikampata Kilonzo, wakanyamaza." Akaendelea kupeta. "Nikisema hayuko, shemeji zangu watasema na shamba halina mtu. Wewe utakuja kulilima?"

Swali hilo halina jibu jepesi, na nakuonya usijifanye unalo. Nilimwambia kwamba anachosema kwenye ofisi ile kinabaki kwenye faili, hakipelekwi kwa shemeji wala kwa chifu. Nikamwambia pia kwamba kosa ni langu, nikamweleza lote, redio na shuka na kalamu. Akaacha kupeta.

"Ulimwandika amekufa?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza."

Akauweka ungo chini. Kisha akauliza siku gani tunasafiri.

Katika ofisi ya kamati, Nairobi, tulikuwa wanne: afisa, Musembi, susu na mimi. Mwende alikuwa kwenye mashine. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande mwingine wa nchi, mpole lakini ameshachoshwa na faili letu, na hakuficha.

"Mama, Kilonzo alikufa lini?"

"Hajafa," susu akasema.

"Yuko wapi?"

"Hajazaliwa."

Afisa akaweka miwani juu ya meza. Musembi akaangalia dari. Susu akakaa wima kwenye kiti na kumweleza kama anavyofundishwa mtoto wa nje ya ukoo: jinsi alivyokosa mtoto, jinsi alivyokwenda mwenyewe kwa kina Nduku na ng'ombe zake, jinsi alivyomwoa kwa jina la mwana aliyekuwa akimtamani, na jinsi Nduku alivyozaa wawili, huyu na yule mgonjwa, wote wawili wakalelewa mikononi mwake.

"Kwa hivyo hawa wamezaliwa na mama mmoja. Na mwanamume aliyewazaa ni nani?"

"Huyo hatukumwoa," susu akajibu.

Afisa aliandika muda mrefu. Kipimo cha damu kingeweza kuonyesha kama wana mama mmoja, akasema, na angekiomba siku ile ile. Alichotaka ni maelezo ambayo hayapingani na kipimo. Kisha akauliza, kwa uchovu wa mtu aliyebeba faili lisilo lake, "Sasa kwa nini hamkusema hivi tangu mwanzo? Miezi saba?"

Susu akanielekezea kidole. "Muulize daktari. Yeye ndiye aliyemuua."

Niliulizwa, nikajibu, nikaandika maelezo ya kukiri kosa na kuyatia sahihi. Hayo ndiyo maandishi yangu bora zaidi katika kazi yote.

Kipimo kilionyesha walikuwa watoto wa mama mmoja. Kamati ikamhoji Musembi peke yake, dada yake akiwa mbali, kuhakikisha hajalazimishwa. Nasikia aliwaambia kwamba tangu utotoni dada yake amemlazimisha kila kitu isipokuwa hili. Wakaruhusu. Upasuaji ulifanyika Nairobi, sikuwepo. Siku ya tatu nilipigiwa simu nikiwa nakagua maji ya mashine.

"Daktari, nimekojoa."

"Kiasi gani?"

"Mfuko mzima. Umejaa, wakaleta mwingine."

Nilikaa juu ya dumu la dawa. Kisha akaniambia wauguzi wa huko wanamwambia anywe maji, anywe mengi, naye anaogopa, anashika gilasi anaiangalia tu. Aliniuliza anywe kiasi gani. Miaka yote hiyo nimewaambia watu wasinywe. Nilikuwa sijawahi kumwambia mmoja wao anywe. Nikamwambia anywe wanachomwambia, na amalize gilasi.

Hakupona, nataka ulielewe hilo. Anameza vidonge kila asubuhi na jioni ili mwili usiikatae figo ya Musembi, na atavimeza maisha yake yote. Akiruka wiki moja kwa sababu anajisikia vizuri, tutamwona tena kwenye kitanda chetu. Mkono ule una kovu na mshipa uliokufa. Ile miezi saba siwezi kumrudishia. Musembi alikaa muda bila kubeba mawe, na bado anatumwa nyuzi.

Kwa hiyo, ukipewa fomu ile, usiijazie kitandani. Mpeleke mgonjwa kwenye chumba cha ushauri kabla hujamwunganisha na mashine, na ufunge mlango. Muulize nani alimzaa, nani alimlea, na jina la baba alipewa na nani. Mwombe ruhusa ya kuongea na mkubwa wa nyumba yao, na uongee naye siku hiyo hiyo. Andika kama walivyosema. Wasichokijua, andika hawakijui. Kisha wasomee kwa sauti ya chini kabla hujatia sahihi.